Desemba na kalamu: alfajiri, sauti kwenye simu, au kulaza kazi hadi wageni waondoke?

FundiMshairi (Tanga)
Assalaam aleikum, na habari za jioni wote. Nina swali la kulinganisha, pole sihitaji.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, na mashairi ndiyo kazi yangu ya pili, ile isiyolipa. Desemba ikishika kasi mambo mawili yananijia kwa pamoja. Harusi zinafuatana, kila ukoo unataka sare yake ya kitenge, na kila bibi harusi ana shangazi aliyebadili mawazo kuhusu mikono ya gauni. Halafu shule zinafungwa, ndugu wa Dar na Arusha wanashuka. Tanga tunasifika kwa "waja leo waondoka leo", lakini wa kwangu wanakuja na magodoro. Krismasi wapo, mwaka mpya wapo, na Mapinduzi tarehe 12 Januari nadhani watakuwepo.

Ninapima njia tatu. Kuamka kabla ya adhana niandike nyumba ikiwa imelala. Kurekodi sauti kwenye simu nikiwa kazini, kisha niandike baadaye. Au kulaza kalamu kabisa, kwa ruhusa yangu mwenyewe, hadi mambo yatulie. Aliyejaribu zaidi ya moja anipe tofauti. Mpaka sasa kilichonitoka ni hiki tu:

*Wageni wameja kwetu, mikeka imetandazwa,*
*Sebuleni wamo watu, ukumbini wamelazwa,*
*Kalamu yangu si kitu, jikoni imepoozwa,*
*Nitaandika usiku, au nisubiri Machi?*

MchoraDau (Bagamoyo)
Ubeti mzuri, dada. Kwa mchoraji swali lako lina kona nyingine. Huku kwetu Desemba watalii wanakuja kuangalia Ngome Kongwe na magofu ya Kaole, wakitoka huko wanapita vibandani. Kwa hiyo brashi naishika kutwa. Ila nachora tembo, machweo, mama mwenye ndoo kichwani, vilevile vinavyonunuliwa. Ikifika usiku mkono umechoka na kichwa hakijafanya lolote. Hicho mimi sikihesabu kuwa mazoezi.

Alfajiri nimeijaribu. Tatizo langu ni rangi. Sisi tunaofuata mkono wa Tingatinga tunatumia rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ambayo marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza kuipaka kwenye vipande vya hadibodi pale Dar mwaka 1968. Haikauki upesi, na unyevu wa vuli ukiwa haujaisha ndiyo kabisa. Upake saa kumi na moja, watoto wa wageni waamke saa moja: kila mmoja ana kidole cha bluu, na ukutani kuna simba ambaye hukumchora wewe.

Nilichofanya ni kuweka rangi kando na kuhamia kalamu ya wino na vipande vya kadibodi vya ukubwa wa kiganja. Maboksi ya biskuti yamejaa nyumba nzima msimu huu, hununui kitu. Kipande kimoja naanza na kukimaliza papo hapo, naweka mfukoni. Kwa hiyo kwako naongeza njia ya nne: usibadili saa, badili ukubwa wa kazi.

BintiPangani
Mimi nipo upande wa simu, ila kwa masharti.

Faida yake ni hii. Shairi ni la sikio. Ukijirekodi ukajisikiliza, mshororo uliopungua mizani (silabi) unajisema wenyewe, huhitaji kuhesabu vidole. Kwenye karatasi jicho lina tabia ya kusamehe. Nusu ya beti zangu nimezirekebisha nikiwa kwenye kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, spika ya masikioni, watu wanadhani nasikiliza taarabu.

Ubaya wake: rekodi zinalundikana. Ninazo za miaka iliyopita ambazo hazina jina wala tarehe ninayoikumbuka, na sizisikilizi kwa sababu naogopa wingi wake. Siku hizi najitumia mwenyewe kwenye WhatsApp, chini yake naandika vina tu, mfano "-tu, -zwa", ili nijue ni ipi bila kuifungua. Ijumaa baada ya swala naziandika. Ikipita Ijumaa ya pili haijaandikwa, nafuta. Inauma, lakini ndiyo inayonifanya niandike.

Na fundi, usirekodi mashine ikiwa inazunguka. Hasa yenye mota. Utasikia mota.

MzeeKibarazani (Tanga)
Wanangu, mnahangaika na saa bure. Shaaban Robert, wa hapahapa kwetu, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, kafariki 1962 na kaburi lake liko Machui. Alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, akaingia idara ya wanyamapori, kisha ofisi za serikali hapa Tanga. Sehemu kubwa ya alichotuachia kakiandika akiwa mtumishi, mwenye mkuu wa kazi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hakungoja kustaafu.

Mimi nashikilia alfajiri. Baada ya swala, kabla ya chai, barazani. Akili bado haijasemeshwa na mtu. Ukishasalimiana na watu watano, shairi limeshaingia maji.

MamaWanne (Tanga)
Shikamoo babu. Hoja yako naipokea, lakini naomba niulize kwa adabu: hiyo chai ya baada ya baraza, anaipika nani?

Alfajiri ya mwanamume na ya mwanamke katika nyumba yenye wageni si moja. Mimi natunga hadithi za watoto. Nikiamka saa kumi, mlango wa jikoni ukilia tu, mama mkwe anajua siku imeanza. Nikiwasha taa ndiyo nimejitangaza. Kabla sijamaliza sentensi kuna mtoto anataka kwenda msalani na shemeji anauliza kama maji ya moto yapo. Nimeijaribu misimu miwili, sasa nimeiacha kwa wenye baraza.

Kinachonifaa ni muda wa kungoja. Jikoni kungoja ni kwingi mno, ila hatukuhesabu. Unga wa maandazi ukiumuka. Nazi ikichuja. Na juu ya yote, pilau: ukishaifunika na kuipalia makaa juu, una robo saa ambayo hakuna binadamu atakayekugusa, kwa sababu kila mtu anaogopa kuambiwa ndiye aliyefunua sufuria. Mimi nakaa palepale na kalamu, sura yangu ya mtu anayelinda pilau. Aya moja, wakati mwingine mbili. Desemba iliyopita niliimaliza hadithi ya sungura namna hiyo, ina harufu ya bizari lakini imekwisha.

KofiaZaVito (Bagamoyo)
Naona njia ya tatu haina wakili. Nitaisimamia mimi.

Nashona kofia za mkono. Kofia moja ya vito, ile ya matundu madogo, inakula miezi, tundu baada ya tundu, na macho ndiyo mtaji. Desemba naifunga kwenye kitambaa, naiweka juu ya kabati, nacheza na wajukuu. Januari naifungua, tundu ni lilelile, uzi ni uleule, haikunikasirikia. Sioni sababu ya kujitesa ili nijiite msanii mbele ya shemeji zangu.

Ila weka tarehe ya kurudi. Mimi husema tarehe 13 Januari, Mapinduzi yakishapita, wala sibishani na mtu.

NgomaNzito (Bagamoyo)
Mzee wangu wa kofia, heshima kwako, lakini kofia inakusubiri kwa sababu ni kitu. Mkono wangu si kitu. Nimesoma hapahapa TaSUBa, chuo cha sanaa, napiga ngoma, na wiki tatu za kupumzika naziona kwenye sugu za viganja. Zinalainika. Ukirudi unapiga robo ya kasi yako na ngozi inachubuka.

Mtu atasema Desemba si unapiga kwenye harusi kila Jumamosi? Napiga, ndiyo. Napiga mapigo manne yaleyale mpaka bwana harusi achoke. Namwelewa sana MchoraDau hapo juu.

Na alfajiri kwangu haipo kabisa, majirani watanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tena msimu huu ngozi imelegea kwa unyevu. Mpaka uwashe moto, uioteshe, ikaze, muda uliojipa umekwisha. Kwa hiyo ngoma naiacha ilipo, napigia tairi la gari nililolikata, limefungwa gunia juu. Sauti ndogo, lakini mkono unafanya kazi, na mtoto wa dada yangu anajifunza humohumo.

BintiPangani
Kwa hiyo tofauti iko kwenye kazi yenyewe: ukiiacha, inapoteza nini? Kofia haipotezi. Ngoma inapoteza sugu. Shairi nadhani ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mshororo ukikutoka kichwani huna pa kwenda kuutafuta.

Halafu FundiMshairi, hiyo Machi ya kwenye kituo chako, mshororo wa mwisho, nimeicheka. Mfungo wa 2026 unaingia katikati ya Februari. Idi inaangukia kama tarehe 20 Machi, mwezi ukiandama. Fundi cherehani wa Tanga anasubiri nafasi mwezi wa Idi?

FundiMshairi
Hahaha, umenikamata. Na kabla ya hapo kuna Januari ya sare za shule. Nimeipitia kalenda yote kwa kidole, nafasi niliyoiona ni kama siku nne za mwezi wa tano.

Basi njia ya tatu naiondoa, babu wa kofia unisamehe, wewe una wajukuu na mimi nina oda. Alfajiri nayo naiondoa kwa sababu alizozisema MamaWanne, nyongeza tu ni kwamba usiku nakata vitambaa hadi saa sita.

Ninachokijaribu tangu juzi ni hiki. Nina daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake: kifua, kiuno, makalio, urefu, mkono. Ukingo wa kulia ulikuwa mtupu siku zote. Sasa mteja anaposimama mbele ya kioo akijitazama na dera lake (na wanajitazama sana, Mungu awabariki) mimi naandika kipande kimoja tu pale pembeni, nusu mshororo, mizani nane, si zaidi. Juzi kuna mama ana kifua 44 na kando yake "Bahari haina lango". Jana akaja mwingine, kipande cha pili kikajileta. Mteja anaona naandika, anajua namwandikia vipimo, anasimama wima zaidi.

Jioni nasoma ukurasa mzima kwa sauti kwenye simu na kujitumia kama alivyosema Binti, pamoja na ile ya kufuta Ijumaa ya pili. Hiyo ya kufuta inanitisha, ila naona ndiyo dawa.

MchoraDau
Kifua 44, bahari haina lango. Nipe ruhusa nikichore hicho.

FundiMshairi
Chora kaka, ila namba ya mama wa watu iache.

MzeeKibarazani
MamaWanne, chai napika mwenyewe tangu nibaki peke yangu, lakini swali lako lilikuwa la haki na nimelikubali. Fundi, umeniuliza kwa shairi, haifai nikujibu kwa maneno matupu:

*Andika papo na watu, kalamu haijauzwa,*
*Mishororo ni mitatu, si mzigo wa kulizwa,*
*Kwenye sikio la mtu, ndiko shairi hukuzwa,*
*Utaandika jikoni, usiingojee Machi.*

NgomaNzito
Babu umetisha. Ila nimeupiga kwenye tairi, kipande cha "kwenye sikio la mtu" kimenipa saba. Au ndiyo uhuru wa malenga?

BintiPangani
Ni nane, ndugu yangu. Kwe, nye, si, ki, o, la, m, tu. Hiyo "m" inajitegemea, ipige peke yake.