TMS, tDCS au tiba ya mazungumzo kwa PTSD ya vita: ipi itangulie?

Mshauri_Kigoma
Wakuu, naomba tulinganishe kwa vipimo. Mgonjwa ni mtu mzima mwenye PTSD ya vita, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Ametumia sertraline (dawa ya sonona) kwa dozi kamili, nafuu ni ndogo, usingizi mbovu, anashtuka kila kishindo. Ndugu zake wanataka kumpeleka nje kwa TMS, yaani koili ya sumaku inayopiga mapigo kwenye ubongo. Mwingine anawashauri wanunue mtandaoni kifaa cha tDCS, kinachopitisha umeme mdogo kichwani. Tiba ya mazungumzo inayogusa tukio lenyewe hajawahi kupata.

Dkt_Gamba
Umeshajijibu kwenye sentensi ya mwisho. Mwongozo wa 2023 wa idara za Marekani zinazotibu wanajeshi na maveterani (wanajeshi wa zamani) unatanguliza CPT (kuchambua mawazo kuhusu tukio), PE (kulikabili tukio hatua kwa hatua) na EMDR (kulikumbuka huku macho yakifuata kitu), zote za mazungumzo. Kuhusu TMS na tDCS kwa PTSD unasema ushahidi hautoshi kuzipendekeza wala kuzikataza. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu TMS kwa sonona mwaka 2008 na kwa OCD (mawazo na vitendo vya kujirudia) mwaka 2018. Kwa PTSD bado. Kliniki ikisema "mashine imeidhinishwa", ulizeni kwa ugonjwa gani.

Si kwamba TMS haina kazi. Jaribio la Israeli la 2004 lilionyesha mapigo 10 kwa sekunde, upande wa kulia wa ubongo wa mbele, yanapunguza dalili kuliko pigo 1 kwa sekunde na kuliko koili bandia (isiyopiga ubongo), ila wagonjwa walikuwa 24 tu. Mwaka 2018 maveterani wa Marekani walipewa pigo 1 kwa sekunde kwa nusu saa, kisha wakaingia papo hapo kwenye kikao cha CPT. Walipata nafuu kubwa kuliko waliopata CPT na koili bandia. Lakini lile la koili inayofika ndani zaidi, lililochapishwa 2021, lilikwenda kinyume: waliopata bandia ndio waliopata nafuu kubwa. Kwa hiyo eneo unalopiga na kinachofanyika kabla na baada ya mapigo vina uzito kuliko jina la mashine.

FundiKoili
Kwenye mashine, kosa huanzia kwenye kipimo cha kizingiti, yaani nguvu ndogo zaidi inayotikisa mkono. Koili inawekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, nguvu inapandishwa taratibu mpaka dole gumba liruke walau mara 5 katika mapigo 10. Hiyo ndiyo 100% ya mgonjwa huyo, na dozi inahesabiwa kutoka hapo. Dawa ikibadilishwa, pima upya; carbamazepine (dawa ya kifafa), kwa mfano, inapandisha kizingiti.

Mahali pa kupiga: njia ya zamani ya kusogea sentimita 5 mbele ya eneo la mkono huangukia nyuma mno kwa vichwa vingi. Afadhali utepe wa kupimia na hesabu ya Beam, inayotafuta mahali kwa vipimo vya kichwa chenyewe, kisha alama kwenye kofia ili kila siku urudi palepale.

Kuna pia mtindo wa mafungu: mapigo 3 ya haraka, fungu likirudiwa mara 5 kwa sekunde, sekunde 2 kupiga na 8 kupumzika. Jaribio la maveterani la 2019 lilitumia mapigo 1,800 kwa siku, kulia, kwa 80% ya kizingiti. Hayafiki hata dakika 10.

Jambo ambalo kliniki nyingi hazimwambii mgonjwa wa vita: koili inapiga kelele. Mapigo 10 kwa sekunde yanasikika kama rashasha. Vizibo vya masikio viwekwe kabla ya pigo la kwanza la kipimo, mwonyesheni koili ikipiga hewani mbali naye, mkubaliane ishara ya mkono ya kusimamisha.

Nesi_Usubi
Kabla ya tiketi, eksirei ya fuvu na shingo. Aliyepita vitani anaweza kuwa na kipande cha bomu asichokijua, na chuma karibu na koili kinaweza kusogea au kupata moto. Vivyo hivyo klipu za mishipa ya ubongo na kipandikizi cha sikio.

Pili, kifafa. Degedege kwenye TMS ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kwa 1,000, lakini huku kwetu tuna tegu wa nguruwe anayeingia kwenye ubongo, na kifafa kinachoandamana na usubi (ugonjwa wa upofu wa mtoni). Ulizeni pia tramadol (dawa ya maumivu), pombe na usiku wa kukesha, maana navyo huchochea degedege.

Sponji35
tDCS ni umeme wa miliampia 1 hadi 2, dakika 20 hadi 30, sponji mbili za sentimita 5 kwa 7 zilizolowa maji ya chumvi ya hospitali. Kinachochoma ngozi ni sponji kukauka, maji ya bomba, au kidonda. Nywele zilizosukwa au zenye mafuta huzuia mguso, umeme unajibana sehemu ndogo, ngozi inaungua. Jaribio zuri la 2024 kwa maveterani 54 liliwasha umeme wakati mgonjwa anatazama mandhari ya vita kwenye miwani maalumu, mtaalamu akiwa pembeni. Kifaa cha nyumbani peke yake hakina sehemu hiyo. Msinunue.

SaikoKivu
Na mazungumzo yasionekane mbadala wa maskini. CPT ya vikundi ilijaribiwa mashariki mwa Kongo kwa wanawake waliobakwa, ikachapishwa 2013: waliotoa huduma hawakuwa wanasaikolojia, na nafuu ilikuwa bado ipo miezi 6 baadaye. Kwenye makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofundishwa NET (tiba ya kusimulia maisha yako hatua kwa hatua) waliwatibu wakimbizi wenzao.

Pima PCL-5, hojaji ya dalili za PTSD, kila wiki: maswali 20, jumla alama 80. Baada ya vikao 12 vya mazungumzo, kama alama hazijashuka hata 10, hapo TMS ijadiliwe, hasa akiwa na sonona pia, maana huko ushahidi upo.

Mshauri_Kigoma
Nimeelewa. Anameza diazepam kila usiku. Nimwambie aache wiki hii?

Nesi_Usubi
Hapana! Ni kweli diazepam haisaidii PTSD na inaweza kupunguza nguvu ya TMS, lakini kuikata ghafla kwenyewe kunaleta degedege. Daktari aipunguze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kizingiti kipimwe baada ya hapo.