Ramani ya mawazo ya Maji Maji nimeichora vizuri, lakini kichwani haikai

Mtahiniwa wa kujitegemea
Habari zenu wakuu. Mchana nauza duka, usiku nasoma, na Novemba nafanya mtihani wa kidato cha nne. Rafiki yangu kanionyesha ramani ya mawazo, yaani mchoro wenye mada katikati na matawi pembeni, nikanunua manila na kalamu za rangi. Juzi nimetumia saa tatu kwenye Vita vya Maji Maji, vile vya wenyeji wa kusini dhidi ya Wajerumani: matawi kumi na mawili, kila tawi na sentensi nzima ya kitabuni. Nimeibandika juu ya kitanda. Jana nikajisaili taa ikiwa imezimwa, nikaambulia sababu mbili tu. Nakosea wapi?

Mwalimu wa Historia
Pole mdogo wangu, na hongera kwa kusoma huku unatafuta riziki. Kosa lako naliona darasani kila muhula: umenakili kitabu kwa umbo la mti. Mkono umefanya kazi, kichwa kimelala.

Soma mada, funga kitabu, ndipo uchore. Katikati weka picha, mfano kibuyu cha maji. Tony Buzan, Mwingereza aliyezieneza ramani hizi miaka ya 1970, alisisitiza neno moja kwa kila tawi, nami nakubaliana naye kabisa, maana neno moja linakulazimisha umalizie mwenyewe. Tawi la SABABU: pamba, kodi, maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani). Ukifika "pamba" jieleze kwa sauti: watu walilimishwa pamba kwa nguvu, ujira kiduchu, mashamba yao wenyewe yakaota magugu. Tawi la IMANI: Kinjekitile, Ngarambe, maji (yaani mganga Kinjekitile wa kijiji cha Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminika kuzuia risasi). Tawi la MAPIGANO: Umatumbi, Julai 1905, pamba inang'olewa, Agosti, boma la Mahenge linavamiwa. Tawi la MATOKEO: njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Sasa vuta mshale kutoka "maji" kwenda "mapigano". Swali la kwa nini Wamatumbi, Wapogoro na Wangoni waliingia vita moja, jibu lake liko kwenye mshale huo. Wanafunzi wangu wengi huchora matawi wakasahau mishale, na insha zao zinakuwa orodha.

Ukimaliza, fungua kitabu, ulichosahau kiongeze kwa kalamu nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo ya kusoma kesho. Keshokutwa chora upya kwenye karatasi tupu.

Muuguzi mwanafunzi
Naunga mkono hoja ya mwalimu, ila tarehe na vipimo vya dawa mimi ramani hainisaidii. Hivyo naandika kwenye vikadi, swali mbele, jibu nyuma, navipitia kwenye daladala. Ramani naitumia kwa vitu vinavyosababishana, kama malaria mpaka upungufu wa damu.

Mtahiniwa wa kujitegemea
Shikamoo mwalimu. Nimejaribu jana, dakika ishirini tu, nyuma ya boksi la sabuni baada ya kufunga duka. Raundi ya kwanza nyekundu ilijaa: kodi niliisahau, Ngarambe niliisahau, hata Mahenge. Leo asubuhi nimechora tena kabla ya wateja, nyekundu zimebaki mbili. Na ule mshale wa maji nimeuweka kabla ya matawi mengine yote. Manila nimeibandua, naanza Biashara ya Utumwa upande wa pili.