Mtu mwembamba anapataje kisukari kinachohusishwa na mafuta?

Mwanafunzi wa Uuguzi:
Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Mjomba wangu ni mwembamba na hana kitambi, lakini amegundulika kuwa na kisukari aina ya 2, na altrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini. Darasani tulifundishwa kwamba mafuta hudhoofisha kazi ya insulini, ila hatukuelezwa ni kitu gani hasa ndani ya mafuta hayo kinachoizuia. Je, ni mafuta yote?

Mtu wa Maabara:
Hapana, si yote. Trigliseridi, yaani mafuta ya akiba yanayoonekana kwenye altrasaundi, zenyewe hazina madhara makubwa kwa insulini: mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanariadha wa mbio ndefu wana trigliseridi nyingi misulini, ilhali insulini yao hufanya kazi vizuri sana. Zinazoshukiwa ni molekuli zinazojilimbikiza pale seli inapoletewa asidi za mafuta kuliko inavyoweza kuunguza au kuhifadhi. Mojawapo ni diasilgliseroli, ambayo ndani ya ini huamsha kimeng'enya PKC-epsiloni, nacho hudhoofisha kipokezi cha insulini. Gerald Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye mtetezi mkuu wa hoja hii. Nyingine ni seramidi, inayoundwa kwa palmiteti (aina ya asidi ya mafuta) na serini (aina ya asidi amino), ambayo huzuia Akt, protini inayopokeza agizo la insulini ndani ya seli, na hivyo msuli hauchukui glukosi ipasavyo. Mwaka 2019 kundi la Scott Summers, Chuo Kikuu cha Utah, lilizima kwa panya jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha uundaji wa seramidi, na mafuta ya ini yakapungua, insulini nayo ikarudia nguvu. Binafsi naona ushahidi wa seramidi ni mzito zaidi, ingawa mabishano kati ya kambi hizi mbili hayajaisha.

Bibi Lishe:
Kuhusu wembamba wa mjomba, tazama watu wenye lipodistrofi, ambao karibu hawana mafuta chini ya ngozi na bado hupata usugu mkali wa insulini, yaani mwili kutoiitikia insulini. Ghala la chini ya ngozi likiwa dogo, mzigo wa mafuta huishia kwenye ini, misuli na kongosho, na kila mtu ana kiwango chake cha ghala hilo.

Mtu wa Maabara:
Naam. Ndiyo maana mtafiti wa kisukari Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, alipowafuatilia wagonjwa 20 wenye uzito wa kawaida au unaoukaribia, 14 kati yao walirudi kwenye sukari isiyo ya kisukari bila dawa baada ya kupunguza uzito kwa mpango maalumu. Mjomba asiige hilo peke yake wala kuacha dawa. Kwa kuwa ni mwembamba, ni vyema kwanza daktari apime kingamwili zinazoshambulia kongosho, kwani aina ya 1 inayoanza polepole ukubwani mara nyingi hudhaniwa kuwa aina ya 2, na matibabu yake ni tofauti.