Naomba ushauri: tunataka kuuvika mti nguo ya kufuma hapa Lamu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Sisi ni kina mama tisa wa Langoni, tunafuma vitambaa vya makochi na vya meza. Tumebakiwa na uzi mwingi wa rangi. Binti yangu akanionyesha kwenye simu wenzetu wa ng'ambo wanavyovika miti, nguzo na hata madaraja. Kumbe mambo haya yalianza kuvuma 2005, Magda Sayeg wa Houston, Marekani, alipofumia mpini wa mlango wa duka lake. Mpini tu, na wapita njia wakasimama kutazama! Tangu hapo sina raha mpaka nione shina la mti pale Mkunguni, mbele ya Ngome, nalo limevaa.

Lakini Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, huwezi kujiamulia tu. Ruhusa nianze kuomba wapi: Makumbusho, kaunti, au wazee wa mtaa kwanza? Milango ya nakshi hatuigusi kabisa.

Kubwa zaidi ni uzi. Wa pamba hunyonya maji ukaoza. Wa akriliki huhimili mvua, ila ni plastiki. Ukichakaa, nyuzi zitapeperushwa na kusi hadi baharini kwa kasa wetu, na hilo linaniuma sana. Aliyewahi kufuma kitu cha kukaa nje penye jua na chumvi, alitumia uzi gani, na ulidumu miezi mingapi?

Tena tufunge vipi bila misumari, mti upate kunenepa? Na tuanzie kimo gani punda wasifikie?