Wageni Wamarekani na Mwingereza, Namanga hadi Zanzibar: viza gani, chanjo gani, bima gani?

Mwenyeji_Njiro
Wakuu, habari za humu. Nina wageni watatu wanakuja: mume na mke Wamarekani, pamoja na mama yake mke mwenye pasipoti ya Uingereza, umri miaka 68. Wanatua Nairobi, wanakaa siku nne, wanavuka Namanga kwa basi hadi Arusha. Baada ya wiki mbili wanapanda ndege ya ndani kwenda Zanzibar, na wanaondokea hukohuko kurudi kwao.

Naomba kujua: waombe viza mtandaoni au walipie mpakani? Ni dola 50 kwa wote? Ile viza moja ya Afrika Mashariki haiwezi kuwatosha? Chanjo ya homa ya manjano ni lazima wakati kwao ugonjwa huo haupo? Na huyu mke ni mwalimu, anataka kufundisha bila malipo wiki moja kwenye shule jirani. Viza ya kawaida inamruhusu?

Mzee_wa_Kona
Mama hana shida, Uingereza ni Jumuiya ya Madola kama sisi. Anagongewa mhuri bure. Hao Wamarekani ndio walipe.

Kaunta_ya_Tatu
Hapana mkuu, usimpoteze mwenzio. Kuwa Jumuiya ya Madola hakumwondolei mtu viza. Afrika Kusini, Zambia, Malawi na Botswana wanaingia bila viza, ila Mwingereza, Mkanada na Mhindi wanalipa, na wote ni Madola. Kinachoangaliwa ni orodha ya Uhamiaji, nchi kwa nchi.

Mwenyeji, nakujibu kwa mtiririko.

Mama wa Kiingereza: viza ya kawaida ya kuingia mara moja, dola 50, kukaa hadi siku 90. Kwa kuwa anaingilia Namanga na kutokea Zanzibar, mara moja inamtosha.

Wamarekani wawili: dola 100 kila mmoja. Raia wa Marekani hutakiwa kuchukua viza ya kuingia mara nyingi, ya miezi 12. Hapa ndipo wengi hupotezea pesa. Mtu anaona kuna chaguo la dola 50, anajaza hilo, analipa, kisha anaambiwa aombe upya kwa aina sahihi. Ada ya kwanza hairudi. Na miezi 12 isiwachanganye: ni muda wa viza kutumika, si ruhusa ya kukaa mwaka mzima. Kila wakiingia, kikomo ni miezi mitatu.

Viza ya pamoja ya Afrika Mashariki, ile ya dola 100, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Kwa Kenya wao wanahitaji kibali cha kusafiri cha mtandaoni, kile kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Kinaombwa kabla ya kupanda ndege, na usindikaji wake huhesabiwa kwa siku tatu za kazi, basi wasiache hadi wiki ya safari.

Sasa mtandaoni au mpakani? Namanga viza inatolewa, hakuna anayekataa hilo. Lakini kwa mtu wa basi nashauri mtandaoni. Basi lina abiria wengine, dereva ana ratiba, na mgeni wako ndiye atakuwa bado yuko dirishani anajaza fomu huku wenzake wameshakaa kwenye viti. Tena akilipa taslimu, noti za dola zilizochapwa kabla ya 2009 au zenye machano na maandishi ya kalamu hukataliwa mara kwa mara. Anayebaki na mpango huo abebe noti mpya.

Tovuti halali ni visa.immigration.go.tz. Angalia mwisho wa anwani: .go.tz. Ukitafuta viza ya Tanzania kwenye intaneti utaletewa kurasa za .com na .org zenye bendera na picha za twiga. Hao ni madalali. Wengine wanakuombea kweli lakini kwa bei ya juu, wengine wanachukua pesa na nakala ya pasipoti basi.

Kila msafiri ana ombi lake. Waandae:
– pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi na ukurasa mtupu wa kugongea;
– nakala iliyoskaniwa ya ukurasa wenye picha. Ukipiga kwa simu, mwanga wa taa huakisi na kufuta ile mistari miwili ya chini yenye alama za mishale. Mistari hiyo ikisomeka vibaya ombi linarudishwa;
– picha ya pasipoti ya karibuni, si ile iliyokatwa kutoka kwenye skani;
– tiketi ya kuondoka. Kwao ni ile ya kutoka Zanzibar, hata kama ya kuingia ni basi;
– jina, anwani na simu ya mwenyeji, yaani wewe.

Majina yaandikwe yote yaliyomo kwenye pasipoti, jina la kati nalo. Pasipoti mpya za Marekani zina namba inayoanza na herufi moja ikifuatiwa na tarakimu nane. Watu huiruka hiyo herufi wakidhani si sehemu ya namba. Na kwa namba yoyote, sifuri isigeuke kuwa O.

Malipo ni kwa kadi. Benki za nje wakati mwingine huzuia muamala unaoelekea Tanzania wakidhani ni wizi, kwa hiyo wawaarifu benki zao kabla. Namba ya ombi waitunze, bila hiyo huwezi kulifuatilia. Hesabu siku 10 za kazi, lakini nashauri wiki tatu hadi nne kabla ya safari ili kuwe na nafasi ya kurekebisha. Kitakachokuja kwa barua pepe ni notisi ya kupewa viza. Waiprinti nakala mbili, maana simu ikizima chaji foleni haisubiri.

Namanga yenyewe ni kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya anavuka na kugongewa mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, katika jengo la upande wa Tanzania. Asihangaike kutafuta ofisi ya Kenya upande wa pili, ila ahakikishe mihuri ni miwili kweli. Aangalie pia siku alizoandikiwa kabla hajaondoka dirishani. Kosa la kalamu hurekebishwa pale pale kwa dakika moja, lakini likigunduliwa wiki ya tatu ni safari ya ofisini na maelezo marefu.

Kufundisha: hapana. Kutolipwa hakuifanyi isiwe kazi. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na maombi yake yanabebwa na taasisi inayompokea, yaani hiyo shule, kwa barua na vyeti vyake. Kwa wiki moja haitalipa. Atembelee shule kama mgeni, asalimie watoto, asipangiwe vipindi. Akikutwa na chaki mkononi na viza ya matembezi, shule nayo itaulizwa.

Dawati_la_Afya
Nachukua la chanjo, maana hili ndilo linalowakwamisha watu wa njia hiyohiyo.

Swali la mpakani si "wewe ni raia wa wapi" bali "unatoka wapi sasa hivi". Mmarekani anayeruka kutoka Ulaya moja kwa moja hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hahitaji cheti cha chanjo, yaani kadi ya njano. Mmarekani huyohuyo akitoka Kenya anahitaji, kwa sababu Kenya imo kwenye nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano. Mtego wenyewe ni kwamba Nairobi hawataulizwa kitu, kwani wanatoka nchi isiyo na ugonjwa. Wanaamini wamemaliza. Siku nne baadaye wanafika Namanga na dawati la kwanza linataka kadi ya njano.

Masharti kwa ufupi: kila msafiri mwenye mwaka mmoja au zaidi anayetoka nchi yenye hatari, au aliyesubiri ndege zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi hiyo. Wanaopitia Addis Ababa kwa saa tatu au nne wako nje ya sharti, ila wabaki na vipande vya tiketi vinavyoonyesha saa.

Cheti huanza kuhesabiwa halali siku ya 10 baada ya sindano. Kwa hiyo kuchanjwa Nairobi ndani ya siku zile nne hakusaidii, na kuchanjwa mpakani hakusaidii pia kwa maana ya cheti, hata ukilipa. Wachanjwe kwao. Dozi ni moja. Aliyewahi kuchanjwa zamani asirudie: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka 10.

Wakague kadi kabla ya kutoka kliniki: jina kama la pasipoti, tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi, na muhuri wa kituo. Kadi isiyo na muhuri ni karatasi tu.

Mwenyeji_Njiro
Asanteni sana. Sasa huyu mama wa miaka 68, daktari wake anasita kumchanja. Afanyeje?

Dawati_la_Afya
Ana haki ya kusita. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa anayepewa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi hatari ya madhara makubwa huongezeka. Mwenye kinga dhaifu ndiyo kabisa.

Daktari ajaze sehemu ya msamaha wa kitabibu iliyomo ndani ya kadi ileile ya njano, aandike sababu, asaini na kugonga muhuri wa kituo. Juu yake aongeze barua fupi ya Kiingereza yenye jina na namba ya pasipoti. "Ni mzee" pekee ni maelezo hafifu. Aandike kwa nini chanjo haimfai. Ofisa wa afya ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, lakini karatasi zikikamilika kuna cha kuzungumza.

Ukitaka kuondoa wasiwasi wote, mama asipitie Nairobi, aje KIA moja kwa moja kutoka Ulaya, akutane nao Arusha. Hapo sharti linamwondokea, na kibali cha Kenya nacho anakiokoa.

Pwani_Moja
Mmesahau Zanzibar. Viza ni ileile, Uhamiaji ni jambo la Muungano, hakuna viza ya pili. Ila tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni asiye raia anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Dola 44 kwa mtu mzima, hadi siku 92. Inanunuliwa kupitia visitzanzibar.go.tz kwa namba ya pasipoti na tarehe za safari.

Wageni hubishana sana hapa: "nina bima yangu kubwa ya kimataifa." Haijalishi. Ile ya kwao waibakize kwa matibabu na tiketi, hii ni sharti la kuingia, na kuja kwa ndege ya ndani kutoka Arusha hakuwaondolei. Waandike tarehe ya kufika Zanzibar, si ya kufika Namanga. Uthibitisho una msimbo wa kuskani. Waupakue kwenye simu kabla ya kupanda ndege.

Mifuko ya plastiki waiache. Huku Bara mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Vile vifuko vyenye zipu vya sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, mradi waondoke navyo.

Fundi_Mitambo
Swali la pembeni: kiwandani tunaleta fundi Mpakistani kufunga mashine, wiki tatu. Naye Namanga?

Kaunta_ya_Tatu
Huyo asifike mpakani mikono mitupu. Pakistan, kama Bangladesh na Yemen, iko kwenye kundi ambalo maombi yake hupelekwa kwanza kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kuidhinishwa. Mpakani hawezi kupewa. Aombe mtandaoni mapema sana, wiki nyingi kabla, na asinunue tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya jibu. Na kufunga mashine si matembezi: ni viza ya biashara, dola 250, hadi siku 90, kwa barua ya kiwanda inayotaja mashine, kazi na muda.

Mwenyeji_Njiro
Nimeelewa. Mama anakuja KIA, wawili wanachanjwa wiki hii. Mume anauliza kuhusu kubeba droni.

Kaunta_ya_Tatu
Aiache nyumbani. Huku inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi, na kabla hajafika huku ataulizwa Nairobi.