Ushauri: Bastola kwenye gari, Houston hadi New Jersey

Msafiri77: Wakuu, habarini. Naishi Houston, nina miaka 24. Mwezi ujao nahamia New Jersey kwa gari, nitaendesha hadi usiku. Nataka bastola karibu na kiti. Texas haidai leseni. Je, majimbo ya mbele? Nisaidieni, usingizi umenipaa.

Babu Kombo: Kijana, Texas iliacha kudai leseni 1 Septemba 2021, kwa aliyetimiza miaka 21. Ruhusa hiyo inaishia mpakani. Louisiana nayo iliacha Julai 2024, lakini Maryland na New Jersey hazitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Ukikutwa New Jersey na bastola bila kibali chao, ni miaka 5 hadi 10, na miezi 42 ya mwanzo hakuna kutoka.

Mama Zuu: Mwanangu, kwa nini uendeshe usiku? Jua likizama tafuta hoteli, ulale. Silaha haikuondolei uchovu.

Fundi Mtutu: Ipo sheria ya serikali kuu ya 1986 inayomlinda mpita njia. Bastola isiwe na risasi, na vyote viwili viwe mahali usipoweza kuvifikia ukiwa kitini: kwenye buti. Gari haina buti? Sanduku lenye kufuli. Kabati la dashibodi halihesabiki hata ukilifunga kwa ufunguo. Kwa hiyo "karibu na kiti" isahau. Ila sheria hiyo inamfaa tu anayeruhusiwa kubeba kule atokako na kule aendako. Mkuu, Marekani uko kwa karatasi gani? Grini kadi?

Msafiri77: Niko kihalali, hilo halihusiani. Advansi ya bastola nimeshatoa, Jumamosi naichukua.

Mpekuzi: Uzi wa kutunga huu. Duka lenye leseni halikupi bastola bila kujaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu kwa mnunuzi wa silaha, na fomu hiyo inauliza uraia na kama uko kwa viza ya muda. Angekuwa ameulizwa zamani. Jamaa anatafuta kiki.

Babu Kombo: Hata mimi naanza kuona hivyo.

Msafiri77: Sijatunga, wallahi. Si duka, ni mtu binafsi, hana fomu. Viza yangu ni F-1, ya masomo. Texas kuuziana mtu kwa mtu kunaruhusiwa, nimesoma mwenyewe.

Fundi Mtutu: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Texas inaruhusu, kweli. Serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki bunduki au hata risasi moja, uwe umenunua dukani au kwa jirani. Kifungo ni hadi miaka 15, na kosa la silaha linakurudisha kwenu. Muuzaji akijua viza yako, naye ana kesi. Mlango uliobaki ni leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, ambayo haijaisha muda.

Msafiri77: Basi nakata leo mtandaoni, yaishe. Dola 150 za advansi zisipotee bure.

Fundi Mtutu: Hiyo inakuondolea katazo la serikali kuu tu. Maryland na New Jersey zinabaki palepale. Na ukiishika Jumamosi leseni haijatoka, kosa limeshatimia.

Mama Zuu: Dola 150 zitarudi mwanangu, viza hairudi.

Msafiri77: Nimemwandikia muuzaji asubiri wiki mbili. Sijaghairi.