Miaka minane na pikipiki ya theluji: beringi moja imeharibika nauziwa shafti nzima, na sasa naambiwa vipuri havitengenezwi tena

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimeuahirisha tangu mwaka jana. Leo nimetoka dukani mikono mitupu kwa mara ya nne tangu Oktoba, na kijana wa kaunta, mwenye adabu zake zote, kaniambia mashine yangu "ni ya zamani". Ni seti ya ski na mkanda inayofungwa kwenye pikipiki; niliinunua mpya Novemba 2017, imefungwa kwenye boksi, zaidi ya dola 7,000 za Kanada, na hapo pikipiki yenyewe sijaihesabu. Baba mdogo yuko Morogoro na Boxer aliyoinunua 2012. Kila wiki inapanda Uluguru na mizigo, na ikigoma anamtuma kijana mjini, kabla ya adhuhuri kipuri kimefika. Mimi niko Calgary, hela mkononi, nakosa kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja.

Kwa ambao hamjawahi kuiona: ni pikipiki ya motocross ya kawaida, yangu ni cc 450. Theluji ikianza unatoa gurudumu la mbele, unafunga ubao mmoja wa ski kwenye foku. Nyuma unatoa gurudumu pamoja na mkono wake na shokapu, unafunga fremu yenye mkanda wa mpira. Wangu una mzunguko wa inchi 120, na vibao vyake vya kuchota theluji vimesimama inchi mbili na nusu. Cheni ya pikipiki inazungusha shafti ya kwanza, cheni ya pili inapeleka nguvu kwenye shafti ya mkanda. Zile mashine kubwa za ski mbili zinashindwa kupita katikati ya miti. Hii unailaza kama unavyolaza pikipiki kwenye kona, inapita. Ndiyo maana naipenda, na ndiyo maana nina hasira. Ingekuwa kitu kibovu tangu mwanzo ningekitupa nikasahau. Hiki ni kizuri, wanakiua wao.

Nianze na injini, kwa sababu hapo ndipo walipoanza kuniumiza. Pikipiki nyingi za motocross hazina themostati, yaani kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Zimeundwa kukimbia kwenye vumbi na joto, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Ipeleke sasa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, theluji inaipiga rejeta usoni: injini haifikii joto lake hata ukiendesha kutwa. Petroli isiyoungua inapita kwenye ringi za pistoni inaingia kwenye oili, na unyevu unabaki humo humo. Msimu wa kwanza nilichungulia kidirisha cha oili nikakuta kiwango kimepanda. Kimepanda, na sijaongeza hata tone! Nilipoimwaga ilinuka petroli, nyepesi kama maji. Msimu wa pili beringi ya konrodi ikaenda, nikafungua injini yote.

Nilipopeleka malalamiko ndipo wakanionyesha seti ya themostati, iko kwenye rafu nyuma ya mgongo wa yule yule aliyeniuzia mashine. Inauzwa peke yake. Ilikuwepo siku ninanunua, na hakuna aliyefungua mdomo. Kitabu kilichokuja na mashine kinakuelekeza kufunga bolti basi, habari ya oili kuchanganyika na petroli hakuna. Tangu nifunge themostati na kufunika sehemu ya rejeta, nikawa namwaga oili kila baada ya safari mbili au tatu, ubovu huo haujarudi.

Na asije mtu hapa akaniambia siitunzi. Cheni zote mbili nazikagua kabla ya kila safari, mkanda naupima ulegevu wake. Zile plastiki za kwenye reli, ambazo mkanda unateleza juu yake, zinapozwa na theluji. Ukipita kwenye barafu tupu isiyo na theluji au changarawe zinaanza kuyeyuka, harufu yake inakufikia ukiwa umekaa kwenye siti. Kwa hiyo nimefunga vikwaruzo vinavyoparua barafu na kuurusha unga wake kwenye reli. Chuma kigumu cha chini ya ski nabadilisha kikilika, maana ukiwa na ski moja tu na chuma chake kimekwisha, pua inafuata kila mfereji ulioachwa na mashine za watu na mikono inachoka vibaya. Betri nalala nayo ndani ya nyumba. Aprili naosha, napuliza maji yote yatoke, napaka grisi, nalegeza mkanda. Daftari ninalo, tarehe na saa za injini, misimu yote minane.

Sasa beringi.

Januari iliyopita tulikuwa Quartz Creek, magharibi ya mji wa Golden, British Columbia, mimi na mwenzangu Mkongomani. Tumeshaacha njia iliyosawazishwa, tuko kwenye theluji laini, nikaanza kuhisi mtetemo mdogo kwenye vikanyagio. Yeye alikuwa nyuma, akanifikia, akanipungia mkono: "Ndugu, simama, kuko kintu kinalia huko chini." Nikazima. Nikalala ubavu kwenye theluji nikavua glavu moja, nikagusa mwisho wa shafti ya mkanda. Ilikuwa ya moto, na ilicheza juu na chini upana wa ukucha. Sili imechanika, grisi imegeuka uji wa rangi ya kutu. Nikaizungusha kwa mkono, ikatoa mlio wa mchanga unaosagwa kati ya mawe.

Mahali pale palikuwa chini ya mteremko mkubwa. Siku hiyo taarifa ya Avalanche Canada, wanaotoa tahadhari za maporomoko ya theluji, ilikuwa ngazi ya 3 kati ya 5 kwa maeneo ya juu. Sote tulikuwa na kifaa cha kutoa ishara mwilini, fimbo ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo, lakini mtu aliyefukiwa na maporomoko anahesabiwa dakika, na huko juu hakuna wa kuja kukuchimbua isipokuwa huyo mmoja uliyekuja naye. Hupaswi kusimama pale hata kufungua maji ya kunywa. Sisi tukasimama dakika 40, tukifunga kamba, kwa sababu mashine isingeweza kuzunguka bila kuvunja kila kitu. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama, bado tunavutana. Tulifika maegesho saa mbili na nusu usiku, vidole vya mguu wangu wa kushoto sivisikii. Hilo ndilo naomba watu wa maduka walielewe wanapotamka neno "kipuri" kama wanazungumzia kioo cha pembeni.

Jumatatu nikaenda dukani. Jibu: beringi haiuzwi peke yake, inakuja na shafti yake na magurudumu yake ya kusukuma mkanda, kila kitu kikiwa kimeunganishwa kiwandani. Dola 640. Shafti yangu ilikuwa nzima! Nikarudi gereji, nikaitoa beringi kwa kifaa cha kuivuta, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaisugua kwa mswaki wa zamani hadi namba ikajitokeza: 6205-RS. Waulizeni mafundi wowote wa mashine za kusaga au pampu, namba hiyo wanaijua kama jina la mtoto wao. Milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15. Kwenye duka la beringi za viwandani nililipa dola 14, tena yenye sili pande zote mbili. Ile iliyokuja nayo ilikuwa na sili upande mmoja tu, upande wa maji ukiwa wazi. Walijua inaenda kuzama kwenye theluji!

Nikadhani nimeshinda. Ila injini sasa ina saa nyingi, na mwaka huu niliamua kununua pikipiki mpya zaidi, niihamishie fremu na mkanda wangu, ambavyo ni vizima kabisa. Ili ukae kwenye pikipiki nyingine unahitaji seti ya kuunganishia: vishikizo vya mahali mkono wa nyuma ulipokuwa, fimbo ya kushika sehemu ya shokapu, na kipande cha kushikiza ski kwenye foku. Vipande vya aluminiamu, havina siri. Walipokuwa wananiuzia 2017 hiyo ndiyo ilikuwa sifa kuu: "Ukibadilisha pikipiki, unabadilisha vishikizo tu." Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo. Leo naambiwa vishikizo vya fremu ya toleo langu havitengenezwi tena, vya toleo jipya haviingii kwangu kwa sababu matundu yamesogezwa, lakini kuna ofa nzuri ya seti nzima mpya. Yaani nitupe mkanda mzima, reli nzima na ski nzima, kwa ajili ya matundu mawili.

Quebec mwaka 2023 walipitisha sheria dhidi ya bidhaa zinazotengenezwa zife mapema, na ndani yake kuna suala la upatikanaji wa vipuri. Huku Alberta sina pa kushika. Bunge la Kanada nalo mwaka 2024 liliruhusu watu wafungue kufuli za programu ili watengeneze vitu vyao, ni hatua nzuri, lakini mimi sijafungiwa na programu, nimefungiwa na chuma kilichokatwa kwa makusudi kisiingiliane na cha jana.

Kuna vijana wawili walinitumia ujumbe wakitaka kununua msimu huu. Wadogo zangu, kabla ya kutoa hela, muulizeni muuzaji kwa maandishi: vishikizo vya toleo hili mtaviuza hadi mwaka gani? Beringi naweza kununua moja moja? Themostati imo? Akianza kuzunguka, ondokeni. Afadhali mnunue iliyotumika kutoka kwa mtu aliyeandika matengenezo yake, mkaione ikiwa imefunguliwa, mshike shafti kwa mkono muizungushe.

Nami ninatafuta vishikizo vya upande wa kulia na kushoto vya toleo la 2017, hata vilivyokwaruzika. Vilivyopinda pia nachukua, nimempata fundi wa kukata chuma anayesema akipewa kimoja cha kupimia atanichongea. Kama uko Alberta, British Columbia, Idaho au Montana na una fremu imekaa nyuma ya nyumba, niandikie hapa. Nalipa taslimu, naendesha mwenyewe kuja kuchukua.